Neno "island": lilikotoka, na kwa nini s yake haitamkwi

Ukivuka mpaka pale Busia, au Malaba katika wilaya ya Tororo, fomu nyingi utakazopewa ujaze zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa msomaji aliyesoma kwa Kifaransa kule Kongo, neno moja dogo humo linasumbua kuliko ukubwa wake: island, yaani kisiwa. Linaandikwa kwa s, lakini linatamkwa "ailandi". Kama umewahi kulisoma "islandi" mbele ya watu wakakucheka, usione haya. Waliokosea kwanza ni Waingereza wenyewe.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema iegland. Sehemu ya kwanza, ieg, peke yake ilikuwa na maana ya kisiwa, na asili yake ni moja na neno la kale la maji. Land ni ardhi. Ukiyaunganisha unapata "ardhi ya majini". Baadaye liliandikwa iland au yland, bila s yoyote.

Wakati huohuo kulikuwa na neno jingine la kisiwa, isle, lililoingia kutoka Kifaransa cha zamani, ambacho nacho kililipata kwa Kilatini: insula. Kufikia karne ya 16, waandishi waliokienzi Kilatini walidhani iland limezaliwa na isle, wakalichomekea s. Lakini maneno hayo mawili si ndugu, yanafanana kwa bahati tu. Watu wakaendelea kutamka kama mababu zao, na s ikabaki kwenye karatasi hadi leo.

Wewe unayejua Kifaransa, tazama île. Ile kofia juu ya i ni alama ya s iliyokuwapo zamani ikaondolewa. Kwa hiyo Wafaransa waliiacha s iliyokuwa halali yao, na Waingereza wakaongeza isiyo yao!

Neno la Kilatini lina watoto wengine unaowajua. Insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, imeitwa hivyo kwa sababu mwilini hutengenezwa na vikundi vya seli vilivyo kama visiwa vidogo ndani ya kongosho. Na neno isolation, lililobandikwa kwenye milango ya wodi za wagonjwa wa Ebola na Korona, limepitia Kiitaliano, ambako kisiwa ni isola. Aliyetengwa amefanywa kisiwa.

Katika lugha zetu neno hili halina utata. Waganda husema ekizinga, na Mswahili akilisikia hukumbuka kuzingira. Wajaluo husema chula, Wanyarwanda ikirwa, na katika Kilingala ni esanga.

Mpakani hapa, hata hivyo, neno la Kiingereza lina uzito wa sheria. Soma Jedwali la Pili la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, linaloeleza mipaka ya nchi. Mstari kati ya Uganda na Kenya unaanzia ndani ya Ziwa Viktoria na kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa: Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta, kisha Sumba. Pale Sumba unafuata ufuo wa magharibi, kwa hiyo kisiwa chenyewe kiko Kenya, katika kaunti ya Busia. Kutoka hapo unaelekea mdomo wa mto Sio, unapanda na mto huo kuelekea upande wa Busia, na hatimaye unafika mto Malaba. Maelezo haya yanafuata amri ya Waingereza ya mwaka 1926. Ugomvi wa Migingo, mwamba wa nusu ekari hivi uliojaa nyumba za mabati za wavuvi karibu na Pyramid, ulizifanya nchi hizi mbili zipeleke wapimaji wa pamoja mwaka 2009.

Hii inakuhusu ukiulizwa ulikozaliwa au ulikoishi. Mvuvi aliyeishi Sumba alikuwa Kenya. Aliyeishi Sigulu alikuwa Uganda, wilaya ya Namayingo. Anayeandika "island" tu, au "kisiwani", hajasema alikuwa nchi gani. Andika jina la kisiwa, wilaya au kaunti, kisha nchi. Kama unatoka Idjwi katika Ziwa Kivu, andika Idjwi, halafu Kivu Kusini, halafu Kongo (DRC). Usiligeuze jina lenyewe, wala usikubali liandikwe kwa namna mbili katika karatasi mbili: ndugu anayekutafuta kupitia huduma ya kuunganisha familia atatafutwa kwa jina moja, wewe utakuwa umesajiliwa kwa jingine.

Jambo la mwisho ni la masikio. Island, Ireland na Iceland husikika karibu sawa mtu akizungumza haraka au kwa simu. La kwanza ni kisiwa chochote. Ireland ni nchi ya Ulaya, jirani ya Uingereza, na imewahi kupokea wakimbizi waliohamishiwa huko. Iceland ni nchi nyingine kabisa, mbali zaidi kaskazini, na jina lake halihusiani na visiwa: maana yake ni nchi ya barafu. Ukitajiwa mojawapo katika mahojiano, mwombe mkalimani aliandike, ulione kwa macho kabla ya kutia sahihi.