Wa Kufa na Kuzikana

Kiswahili humwita rafiki wa karibu kuliko wote rafiki wa kufa na kuzikana. Kipimo cha urafiki huo ni kaburi, kuugua hakumo. Anayeugua ana ndugu zake wa kumuuguza, na jirani huja kumjulia hali, akakaa kidogo, akaacha chochote, akaondoka. Naamini usemi huo haukuja bure. Ukifuatilia historia ya wafanyakazi wa Tanzania, utaona kwamba desturi ya kuchangiana kazini, ambayo leo tunaichukulia kuwa ubinadamu wa kawaida, ilikulia kwenye hofu ya kufa ugenini, na mpaka sasa inatembea kwa mwendo wa msiba. Ndiyo maana mfanyakazi mwenzetu anapopata saratani, desturi hiyo humfikia ikiwa na mkono uliojaa, kisha humwacha kabla tiba haijafika nusu.

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na misafara ya pembe za ndovu hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Mtu akifia njiani au pwani, ukoo wa kumwosha na kumchimbia kaburi ulikuwa mbali. Utani ulilijaza pengo hilo: Mnyamwezi na Mzaramo walitukanana kwa mzaha na kunyang'anyana vitu bila kukasirika, na siku ya msiba mtani alishika kazi za mazishi. Miji ilipokua zikaja ngoma za beni. Zilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne hiyo, zikaenea Tanganyika kwa nyayo za askari, makarani na vibarua, mji baada ya mji ukapata Marini yake na Arinoti yake, zenye sare na vyeo vya kifalme. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma hizo, alionyesha kwamba nyuma ya tarumbeta palikuwa na kusaidiana: mgeni aliyeugua au kufa mjini alikuwa na watu wa kumshughulikia. Dar es Salaam ikapata pia vyama vya makabila, na kwa wengi waliojiunga navyo sababu ya kwanza ilikuwa kuzikana.

Hofu hiyo ya kufa ugenini ilikuwa na mizizi katika ujira wenyewe. Kwenye mashamba ya mkonge mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku aliyougua ilibaki tupu, na kadi ilipaswa kujaa ndipo alipwe. Bandarini kibarua wa kutwa hakuwa hata na kadi ya kusubiri: asiyepata kazi asubuhi hakuwa na cha kupokea jioni. Mtu wa namna hiyo akiugua kwa muda mrefu, wenzake wangembebaje, ilhali kila mmoja wao alikuwa amebakiza homa moja tu kufika palepale? Kilichowezekana ni kumchangia nauli arudi kwao, au kumzika akifa kabla ya kusafiri. Mchango mmoja, wa haraka, uliokwisha siku ileile. Kwa watu wenye kidogo namna ile, lilikuwa tendo kubwa, na halistahili kubezwa.

Kazi zimebadilika, lakini umbo la mchango limebaki. Tazama daftari la michango la ofisi yoyote, au orodha inayozungushwa leo kwa simu: jina, ahadi, taslimu, salio. Juu kabisa kuna jina la mfiwa au la mgonjwa, na tarehe ya mwisho. Mweka hazina anajumlisha, wawakilishi wawili watatu wanapeleka, shukrani zinasomwa, orodha inafungwa. Sheria nayo ilifuata njia hiyohiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyoandikwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi anayeugua siku 126 za likizo katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ukikumbuka kipande, hiyo ni hatua ndefu sana. Lakini igeukie likizo ya siku nne kwa ajili ya mambo ya familia, utakuta ilitolewa mtoto akiugua au akifa, na mume au mke akifa. Kumzika mke kulipewa siku zake; kumuuguza hakukupewa.

Saratani haiendi kwa mwendo huo wa msiba. Hospitali ya Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiko pekee kulikokuwa na tiba ya mionzi nchini. Aliyetoka Kigoma au Songea alilazimika kuhamia Dar es Salaam. Mionzi ya nje kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, mara nyingi hugawanywa mara 25, siku tano kwa wiki, wiki tano mfululizo, na kila mara huchukua dakika chache tu. Dawa za mishipani huja kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa miezi. Hata pale tiba inapolipiwa na bima au serikali, kuna chumba cha kupanga, kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna uji ambao huenda asiutapike, kuna mtoto aliyebaki nyumbani na sare isiyofuliwa. Bahasha ya wiki ya kwanza huishia humo. Wiki ya nne, nguvu zimekwisha na dada anayemsindikiza ametakiwa arudi kazini kwake, daftari lilishafungwa zamani.

Tukitaka mgonjwa asindikizwe hadi mwisho wa tiba, wapo watakaosema watu wamechoka kuchangishwa: harusi, kipaimara, msiba, sasa na hili. Ni kweli, na sitetei orodha nyingine juu ya zile zilizopo. Lakini upatu unatufundisha kwamba kinachochosha ni kushtukizwa; watu walewale hutoa kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima bila kulalamika, kwa kuwa wanajua zamu. Na vijijini ujima haukuwahi kudai fedha kwanza, ulidai mikono. Pingamizi zito zaidi ni la siri. Msiba ni wa watu wote, ugonjwa una mwenyewe, na mwanamke mwenye saratani ya titi huenda hataki idara nzima ilijue titi lake. Hapo desturi ya msiba, yenye kutangaza majina, humuumiza mtu inayetaka kumsaidia. Zamu ya kumsaidia haihitaji tangazo. Kile kipande cha zamani kilikuwa na vyumba 30, na kila chumba kitupu kilimhesabia mgonjwa hasara. Karatasi ya vyumba 25, kimoja kwa kila siku ya mionzi, inaweza kukaa mkobani mwa mwenzake mmoja, aliyemchagua mwenyewe, na waliotajwa humo wasijue zaidi ya siku zao: Jumatatu huyu anamsindikiza, Jumanne yule anamshikia kazi yake, Jumatano mwingine anampitia mtoto shuleni.