Uahirishaji na afya ya vijana wa Kibabii

Uahirishaji ni tabia ya kuisogeza mbele kazi ambayo mtu amekwisha kusudia kuifanya, ilhali anajua kwamba kuchelewa kutamgharimu. Hapo ndipo unapoachana na uvivu. Mvivu hajali, anayeahirisha anajali, na kujali huko ndiko kunakomtesa. Methali ya ngoja ngoja huumiza matumbo imetaja kiungo cha mwili, na kwa vijana wa shule za upili imelenga palepale.

Kibabii iko katika Kaunti ya Bungoma, kwenye barabara ya kwenda Chwele, na maisha yake yamefungamana na shule. Ipo shule ya upili ya wavulana ya St. Mary's, na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015. Kwa miongo kadhaa kijana wa hapa amepimwa kwa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya upili ulioanza mwaka 1989 na unaokusanya kazi ya miaka minne katika majuma machache ya mwisho wa mwaka. Februari, Novemba huonekana mbali. Septemba hofu huingia, na somo linaloogopwa zaidi ndilo ambalo daftari lake halifunguliwi.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza mwaka 2013 kwamba anayeahirisha huwa anaikimbia hisia mbaya, akinunua nafuu ya leo kwa gharama ya kesho. Nafuu hiyo ipo kweli. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1997: mwanzo wa muhula walioahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao, lakini mwisho wake waliugua zaidi, na jumla ya maradhi yao ikazidi.

Kinacholiwa kwanza ni usingizi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya jioni ya bweni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, kisha kulala hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu, ndani ya saa 8 hadi 10 ambazo wataalamu wanawashauri wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Kanuni ni nzuri. Lakini kazi iliyolimbikizwa huidai saa hizo: tochi chini ya blanketi, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili macho yasifumbe. Anayekesha hivyo anajidhulumu mara mbili, kwa sababu ubongo huyaimarisha tuliyojifunza wakati tumelala. Hasira za karibu, huzuni na kichwa kizito darasani hufuata.

Kuhusu tumbo, pana kosa la kurekebisha. Mwanafunzi anayeungulia wakati wa mitihani huambiwa upesi kwamba ana vidonda vya tumbo kwa sababu ya mawazo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, waliyemgundua Barry Marshall na Robin Warren huko Australia, au na baadhi ya dawa za kupunguza maumivu. Hata hivyo msongo huweza kulivuruga tumbo lisilo na kidonda, na maumivu yake si ya kujifanya. Kijana apelekwe akapimwe. Kuahirisha kwenda zahanati nako ni uahirishaji, na katika ukanda huu wenye malaria homa haingojei mtihani uishe.

Si kila kuchelewa ni uahirishaji. Msichana wa shule ya kutwa anayefika nyumbani akateka maji, akapika na kuwalaza wadogo zake, kisha akafungua kitabu saa nne usiku, hakuahirisha chochote. Kumwita mzembe ni kumwonea.

Hata kwa anayeahirisha kweli, ukali huongeza ile hofu anayoikimbia. Mwanasaikolojia Michael Wohl na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuchelewa kwa ule uliofuata. Wabukusu, wenyeji wa hapa, wanajua namna nyingine ya kuikabili siku ya kutisha. Katika tohara ya Agosti ya miaka shufwa, kijana huzunguka na njuga akiwaalika jamaa, na siku ikifika husindikizwa. Kwenye mtihani tumemwachia aende peke yake. Mzazi anayeketi naye mezani dakika 20 kulianza daftari lile gumu amemsaidia kuliko anayemgombeza jioni nzima.

Huzuni ikizidi majuma mawili, au kijana akitaja kujidhuru, msisubiri likizo: mwoneni mwalimu wa ushauri nasaha au daktari. Namba 116, simu ya taifa ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo, usiku na mchana.