Sotoka na pistoni namba 75

Pistoni ilipotoka, Abti aliipangusa kichwa kwa kitambaa chenye petroli, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, halafu akacheka peke yake.

"Sabini na tano," akasema. "Babako ameimaliza hii pikipiki, abti."

Kama hujawahi kufungua injini ya pikipiki, wacha nieleze, kwa sababu hadithi yote iko kwenye hiyo namba. Silinda ya Yamaha DT125 hutoka kiwandani ikiwa na upana wa milimita 56. Vumbi na joto huila pole pole mpaka pistoni inaanza kugonga ndani kama kijiko kwenye kikombe. Hapo silinda hupelekwa kwa fundi wa mashine, inachongwa iwe pana kidogo, na unanunua pistoni nene zaidi. Hatua ya kwanza ni robo milimita, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne milimita moja. Namba hupigwa muhuri kichwani mwa pistoni: 25, 50, 75, 100. Baada ya mia moja, ukuta umekwisha. Kwa hiyo 75 ina maana silinda imeshachongwa mara tatu, na nafasi iliyobaki ni moja.

Saa ya kilomita ilikuwa imesimama kwenye 41,206, lakini ilishazunguka na kurudi sufuri mara moja, halafu kebo yake ikakatika na hakuna aliyejisumbua kuweka nyingine. Kwa hiyo pistoni ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Garissa baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Karo. Sina zaidi ya kusema kuhusu hilo. Hooyo alikuwa na mpango mzuri tu: ile Yamaha kuukuu iliyokaa chini ya turubai nyuma ya nyumba iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma, pesa iwe mwanzo wa deposti ya Boxer, nami niendeshe bodaboda. Mpango huo ungeweza kunilisha. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, mji umejaa Boxer na TVS, na vijana wengi niliosoma nao wako juu yake. Mnunuzi alishakuja, akaipiga teke gurudumu, akataja elfu nane.

Aabo hakusema kitu. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba akamwangalia yule mtu mpaka akaondoka. Jioni akaniambia, "Ifungue kwanza. Ukishaona ndani, uza."

Ndiyo maana nilikuwa pale kwa ndugu ya mama yangu, mikono myeusi mpaka viwikoni, nikisoma namba.

Chini ya rangi ya tangi bado unaweza kuona herufi GK zikiwa zimefunikwa kwa brashi. Pikipiki ilikuwa ya serikali kabla Aabo hajainunua kwenye mnada wa vitu chakavu. Yeye alikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, kazi ambayo nilipokuwa mdogo niliidharau kidogo, kwa sababu watoto wengine walikuwa na baba wenye magari. Alichanja ng'ombe. Hivyo tu ndivyo nilivyojua.

Chuoni nilisoma historia, na sotoka tulifundishwa. Somo moja, saa moja. Kwamba iliingia Pembe ya Afrika kupitia Massawa kati ya 1887 na 1888, na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Kwamba ilishuka kusini kama moto: ikapita kwa Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikavuka Zambezi 1896, ikafika Cape mwaka uliofuata. Mahali pengi iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Mnyama anapata homa, macho yanatiririka, mdomo unajaa vidonda, anaharisha, na kwa siku chache amekwisha. Watu wakafuata kwa njaa, kisha Wazungu wakakuta ardhi imelala tupu na wafugaji hawana nguvu ya kuitetea. Mhadhiri alifunga faili hapo. Hakuna aliyetuuliza sotoka iliishaje, wala iliishia wapi.

Iliishia kwetu. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilikuwa cha nyati, katika mbuga ya Meru, mwaka 2001. Meru si mbali sana na hapa kwa mtu mwenye pikipiki. Na mahali pa mwisho ambapo virusi vilijificha palikuwa ardhi ya Wasomali: kusini mwa Somalia, kona ya Ethiopia, na huku kwetu kaskazini mashariki. Mwaka 2011 dunia ilitangaza rasmi kwamba sotoka haipo tena. Ni ugonjwa wa pili katika historia yote ya binadamu kufutwa hivyo. Wa kwanza ni ndui, na mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin, aliugua Merca, Somalia, Oktoba 1977. Yaani magonjwa mawili tu yaliyowahi kufutwa, na yote mawili yalipumua pumzi za mwisho kati ya watu wanaozungumza lugha ya mama yangu. Hilo sikuambiwa darasani. Nililijua nikiwa nimeshika spana namba kumi.

Chanjo yenyewe ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, karibu na 1960. Ilikuwa chanjo nzuri ajabu: sindano moja, ng'ombe amekingwa maisha. Lakini ilitaka baridi, na ukishaichanganya una saa chache tu, baada ya hapo ni maji. Kampeni kubwa ya kwanza ya pamoja Afrika, kati ya 1962 na 1976, ilikaribia kushinda, watu wakapumzika mapema, na ugonjwa ukarudi miaka ya 80 kwa hasira. Mwaka 1986 ikaanza kampeni nyingine, PARC. Hiyo ndiyo iliyompa Aabo kazi, boksi la barafu na Yamaha mpya.

Sasa fikiria barafu na barabara ya Dadaab ya wakati ule. Kama kilomita mia moja, mchanga mtupu. Injini ya DT ni ya mipigo miwili, inavuta hewa kupitia sifongo iliyolowekwa oili, na sifongo ikikauka vumbi linaingia moja kwa moja ndani na kusaga kila kitu. Aabo anasema alikuwa akiiosha kila jioni kwa petroli, kabla ya kula. "Ng'ombe wanaweza kungoja. Barafu haingoji. Kwa hiyo injini haina ruhusa ya kufa njiani." Pamoja na hayo yote, kufikia 1990 ilikuwa imechongwa mara ya kwanza. Namba 25.

Lakini barafu haikuwa shida yake kubwa. Shida ilikuwa sauti.

Mkoa wetu uliishi chini ya hali ya hatari tangu Desemba 1963, wakati wa vita vya shifta, na sheria zile hazikuondolewa mpaka Novemba 1991. Vita vyenyewe vilimalizwa kwa mapatano ya 1967, sheria zikabaki miaka ishirini na minne zaidi. Kulikuwa na Bulla Kartasi hapa Garissa, Novemba 1980, mtaa ulipochomwa na watu kukusanywa. Kulikuwa na Wagalla kule Wajir, Februari 1984, kwenye uwanja wa ndege. Ripoti ya tume ya ukweli, TJRC, iliyotolewa 2013, inayo haya yote, ukiwa na moyo wa kuisoma. Miaka mitatu minne tu baada ya Wagalla, huyu hapa kijana anaingia kwenye maboma na chombo chenye herufi GK, injini ikilia kama nyuki mkubwa. Wewe ungefanya nini? Watu walikimbia. Wanaume waliingia vichakani, ng'ombe wakasukumwa upande wa pili, na Aabo akabaki na wazee wawili, mbwa, na dozi mia mbili zinazoyeyuka.

Akajifunza kuzima. Kama nusu kilomita kabla ya maboma, anazima injini, anavua kofia, anasukuma pikipiki kwa mkono kwenye mchanga huku akiimba salamu kwa Kisomali ili wasikie ni mtoto wa nani. Pikipiki kavu ni karibu kilo mia moja. Ongeza boksi. "Mgongo huu," ananionyesha, "ni kazi ya kuzima."

Ukisoma kuhusu kufutwa kwa sotoka utakutana na maabara, na fedha za Ulaya, na mikutano. Vyote ni kweli. Sijawahi kuona mahali palipoandikwa kwamba serikali ileile iliyohitaji ng'ombe wachanjwe ndiyo iliyowafundisha wenye ng'ombe kuikimbia, na kwamba mtu fulani alilipia tofauti hiyo kwa uti wa mgongo. Labda nimesoma kidogo. Nilifika mwaka wa pili tu.

Tulipoondoa kifuniko cha upande wa sumaku tulikuta udongo mwekundu umeganda pembeni kama ukoko wa ugali. Abti alitaka kuukwangua, Aabo akanyoosha mkono. Ule ni wa El Niño, akasema, mwisho wa 1997. Maji yalizingira kila kitu, na katikati ya mafuriko ikazuka homa ya Bonde la Ufa, mifugo ikitupa mimba na watu wakitoka damu. Kwa wiki za kwanza hakuna aliyejua ni nini. Pikipiki ilivuka maji mara nyingi na mara moja ikazama. Baada ya hapo ndipo namba 50.

Na 75? Hiyo ilikuja wakati kazi ilipogeuka. Katikati ya miaka ya 90 nyati na tandala walianza kufa Tsavo, ikagundulika ni sotoka ya aina nyepesi iliyokuwa imejificha kaskazini miaka yote, ikipita kwa ng'ombe wetu bila kuwaua wengi. Ng'ombe anapata homa kidogo, anapona, mfugaji anasahau. Sasa kuchanja kukawa tatizo: damu ya mnyama aliyechanjwa na ya aliyeugua zinafanana, kwa hiyo ukiendelea kuchanja huwezi kujua kama adui yupo. Ikabidi sindano zisimame na watu watafute. Aabo akapewa mirija mitupu. Akapita maboma yaleyale, kwa watu walewale aliowabembeleza miaka kumi wakubali chanjo, kuwaambia kwamba sasa hachanji, anataka damu tu, na hana cha kuwapa. Anasema huo ndio mwaka aliosukuma pikipiki kuliko yote.

Tukarudi kwenye injini. Abti alishika konrodi akaivuta juu na chini. Ikicheza pembeni si neno, ikicheza juu na chini beringi imekufa. Haikucheza. Tulibadilisha sili za krankishafti, zilizokuwa ngumu kama kucha, maana hewa ikipenya hapo mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inashikana na silinda. Pistoni ya mia moja niliipata Kirinyaga Road, Nairobi, baada ya kupiga simu siku nne. Ununue pistoni kwanza, ndipo uchonge silinda kwa kipimo chake. Nafasi kati yao ni karibu unene wa unywele, na kila pistoni ina tofauti yake ndogo. Silinda ikasafiri kwa basi, kilomita kama 370, ikapita kila kizuizi bila kuulizwa kitambulisho. Niliionea wivu.

Ilirudi imechongwa vizuri, ila waliochonga hawakulainisha kingo za matundu ndani ya ukuta. Mimi nisingejua. Abti aliingiza kidole, akakitoa na damu. Ringi ingenasa pale na kuvunjika siku ya kwanza, na hatuna silinda nyingine. Alikaa mchana mzima na msasa laini, akipiga kidogo, akipuliza, akigusa. Wakati wa kufunga nikakosea kuketisha ncha za ringi kwenye pini yake, akanipiga kofi la kisogo, kwa upole wa wastani, nikaanza upya.

Gharama zote zilifika elfu kumi na nane na mia nne. Hooyo alizihesabu kwa sauti, noti kwa noti, mbele yetu wote watatu. Boxer ingali inazungumziwa nyumbani.

Teke la saba ndilo lililowasha. Moshi ulijaa uani, kuku wakaruka ukuta, na Aabo akainuka kwenye kiti akasimama karibu na ekzosi, kichwa ameinamisha upande wa sikio lake zima. Alisikiliza kwa muda mrefu, mpaka nikadhani kuna kitu kimevunjika.

"Mia tano za kwanza usizidi hamsini kwa saa," akasema. "Kisha kaza tena bolti za hedi. Unaelekea wapi, aabo?"

Nikamwambia njia ya Dadaab, nirudi kabla ya magharibi.

"Ukikaribia maboma, zima."

Nikamwambia siku hizi hakuna anayekimbia pikipiki, kila boma lina kijana mwenye Boxer.

"Najua," akasema. "Zima tu."

Kebo mpya ya saa ya kilomita tuliiweka. Imeshaandika 41,529.