Dhahabu Nje, Bati Ndani: Historia ya Winchester za Kumbukumbu

Oliver Winchester alikuwa mtengenezaji wa mashati kabla ya kuipa jina lake kampuni ya bunduki huko New Haven, Connecticut. Bunduki ya kwanza yenye jina hilo ilitoka mwaka 1866. Chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma: ukiusukuma, ganda linaruka, ukiurudisha, risasi nyingine imeshaingia. Mwili wake ulikuwa wa mchanganyiko wa shaba, wa manjano, laini kwa tindo.

Hapo ndipo walipong'ara ndugu watatu wa ukoo wa Ulrich: Conrad, Herman na John. Kwa tindo na nyundo ndogo walichora kulungu, dubu na nyati, na majani yanayojisokota hadi ukingoni. Manyoya ya mnyama yalitokana na mikato myembamba, mmoja baada ya mwingine, na aliyeagiza kazi hiyo aliilipia kwa sababu hapakuwa na ya pili kama hiyo. Mara nyingine John aliacha jina lake kwa herufi ndogo sana, nyuma ya kifyatulio.

Katika miaka ya 1870 kiwanda kilianza kuchagua mitutu iliyolenga vizuri kuliko mingine na kuiandika “One of One Thousand”, kwa dola 100. Za modeli ya 1873 zilitoka zaidi kidogo ya 130 tu. Filamu ya mwaka 1950, Winchester '73, iliwafanya watu waanze kuzisaka.

Kisha ukaja mwaka 1964, na hapa historia hii inaniuma. Mwaka huo kampuni ilitoa bunduki 1,500 za kumbukumbu ya jimbo la Wyoming, za modeli 94 iliyobuniwa na John Browning. Mwaka huohuo ikapunguza gharama: kipande kinachonyanyua risasi kikawa bati lililokatwa kwa mashine, na pini zenye uwazi zikachukua nafasi ya zile za chuma kizima. Pambo lilianza kuuzwa wakati ufundi wa ndani unapunguzwa.

Mwaka 1966, kampuni ilipotimiza miaka 100, ilitoa zaidi ya 100,000 zilizochovywa dhahabu. Mwaka 1969 ikaja ya Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda, akaitwa Bwana Mkubwa na wapagazi. Ya kumbukumbu ilikuwa modeli 94. Aliyoitegemea kwa simba ilikuwa modeli ya 1895. Ya mwigizaji John Wayne ilifuata mwaka 1981.

Wengi walizinunua kama akiba ya watoto. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa makumi ya maelfu, na karibu kila mwenye nacho akakihifadhi, hakiwezi kuadimika. Mnunuzi wa leo anataka boksi la awali, kisha anakagua kama mkono ule wa chini ya kifyatulio umewahi kuchezeshwa, kwa maana kuuvuta mara chache tu huacha mikwaruzo juu ya chuma, na bei inashuka. Nasikitika kwamba bunduki nzima imegeuzwa kuwa ganda lisiloguswa.

Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Daftari zake nyingi za kale ziko Cody, Wyoming. Mwenye bunduki anayodai ni ya Ulrich hupeleka namba yake huko, ili ijulikane kama kweli ilitoka kiwandani na nakshi au ilichorwa baadaye na mtu mwingine.