"Ana Sumu" au "Ni Sumu"?

Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. 8 kati yao walikuwa watoto. Kasa yule hakumuuma mtu. Hana chonge wala mwiba wa kutilia sumu. Alichinjwa, akapikwa, akaliwa. Sumu ilikuwa ndani ya nyama yenyewe, na moto haukuiondoa.

Msiba kama huo unatudai tulipime upya neno *sumu*. Tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalitwika mzigo mzito: kifutu tunamwita "mnyama mwenye sumu", na bunju vivyo hivyo. Kumbe kwa wanabiolojia, wanyama hao ni wa mafungu mawili.

Fungu la kwanza hukutia sumu. Mtazame kifutu. Sumu yake hutengenezwa katika tezi zilizo nyuma ya macho, ikapita kwenye chonge yenye tundu kama sindano ya daktari, ikaingia mwilini mwa aliyeumwa. Nge hutumia mkia, taa mwiba, tandu kucha za mbele. Wote wana chombo cha kuifikisha sumu, na kwa kawaida sharti ngozi itoboke.

Fungu la pili halina haja ya chombo. Sumu imetulia mwilini, ikimsubiri anayekula au kugusa. Ya bunju huitwa tetrodotoksini. Hujaa zaidi katika ini na mayai. Hulegeza misuli hadi mtu ashindwe kupumua, haiishi kwa kupikwa, na mpaka leo haina dawa ya kuizimua.

Kiswahili kina njia ya kuwatenganisha, tena kwa maneno mafupi kabisa. Kifutu *ana* sumu; bunju *ni* sumu. Kwa hiyo napendekeza tumwite wa kwanza *mnyama mtiasumu*, na wa pili *mnyama sumu*. Wachache wanastahili majina yote mawili, kama yule pweza mdogo mwenye pete za buluu: akiuma hutia sumu, na akiliwa anaweza kuua.

Waandishi wa vitabu vya shule na mabango ya afya wazingatie tofauti hii, kwa kuwa hata huduma hutofautiana. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asichanjwe wala kufungwa kamba, awahishwe hospitali. Aliyekula mnyama sumu naye awahishwe, lakini kazi haijaisha: watafutwe wote waliokula chungu kimoja naye, hata wasiojisikia vibaya bado. Na kama mmoja wao ni mama anayenyonyesha, aende na mtoto wake, maana sumu ya kasa hupita katika maziwa.