Ziara, Jengo na Msomaji: Maktaba za Jamii Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ziara ya kundi katika kituo kipya cha jamii chenye maktaba ina utaratibu wake. Wageni hupokelewa langoni, husaini kitabu, kisha huzungushwa: ukumbi, chumba cha kompyuta, kona ya watoto yenye viti vya rangi, na mwisho picha ya pamoja. Wawe wanafunzi, madiwani au wafadhili, njia ni ileile. Hoja ya makala haya ni kwamba ziara ya namna hiyo humwonyesha mgeni jengo na kumficha maktaba, na kwamba kasoro hiyo imeingia hadi katika upangaji wa huduma yenyewe.

Tuanze na ramani. Huduma za maktaba za umma ziliwekewa sheria mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967. Dar es Salaam ya mwaka huo ilikuwa na watu takriban 270,000, na mtu wa Kariakoo au Ilala aliweza kufika pale kwa miguu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Temeke peke yake 1,346,674, Kinondoni 982,328. Watu wamehamia Mbagala, Bunju na Chamazi, na Maktaba Kuu ipo palepale katikati ya mji. Hata maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018 ikiwa na nafasi za wasomaji 2,100, inathibitisha tu kwamba majengo makubwa yanawezekana. Ile ni ya wanachuo. Mtoto wa Tandika haimhusu mpaka afaulu.

Na huyo mtoto anahitaji nini? Nyumba nyingi za uswahilini hupangishwa chumba kimoja kimoja, ua ni wa wote, na redio ya jirani haiombi ruhusa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anatafuta meza, taa na utulivu. Ingia Maktaba Kuu asubuhi: begi linaachwa mapokezi, na ukifika ndani utakuta wengi wameinamia madaftari yao wenyewe na karatasi za mitihani iliyopita, huku vitabu vya rafu vikiwa havijaguswa. Wako wakutubi wanaoliona jambo hili kuwa aibu ya taaluma. Mimi naliona kuwa ushahidi bora kuliko dodoso lolote, kwa sababu msomaji ameshasema kwa vitendo kwamba kiti ni huduma. Asiyelielewa hilo atajenga ukumbi mkubwa wa mikutano na chumba kidogo cha kusomea, kwa kuwa ukumbi hukodishwa kwa harusi na kiti cha msomaji hakiingizi kitu.

Kituo cha jamii si jambo geni kwetu. Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, uliojengwa katika miaka ya 1950 kwa mchango wa mfanyabiashara Mgiriki, ulikuwa wa dansi, mikutano na masomo kwa pamoja. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 nayo ilipeleka maktaba vijijini. Nyingi kati ya hizo zilikwama, na sababu ni ya kawaida mno: kuzianzisha kulikuwa na msukumo wa kitaifa, kuziendesha kulihitaji vitabu vipya na mtu wa kushika ufunguo kila mwaka.

Nairobi inatupa kipimo cha karibu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya wazungu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoanza kuikarabati halikuishia katikati ya jiji. Lilichukua pia matawi ya Kaloleni na Makadara, huko Eastlands, likaweka shughuli za watoto na watu wazima kando ya ukarabati. Kwetu Mikocheni kuna Soma, mgahawa wa vitabu wenye mijadala hai. Lakini Mikocheni na Tandale, ingawa ziko wilaya moja, hazina mfuko mmoja, na kazi ya umma haiwezi kuachiwa wadau wenye moyo tu.

Basi ziara ziendelee, ila mgeni abadilishe maswali. Aulize Jumamosi jioni mlango uko wazi hadi saa ngapi. Aulize nani ananunua umeme wa LUKU, nani anamlipa mkutubi, ada ni kiasi gani, na wiki iliyopita vitabu vingapi viliazimwa. Mwenyeji akikosa majibu, kompyuta mpya zisimpumbaze mtu.

Waliokabidhiwa uamuzi wa fedha za vituo hivi ni madiwani wa Temeke na Kinondoni. Wasipitishe fedha za jengo jingine la jamii pasipo fungu la mshahara, vitabu na umeme wa jioni kwa miaka mitano ya mwanzo. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na fungu lisiloandikwa kabla ya hapo halipo.