Bwana Jeremiah Nyagah na Kura ya Embu, 1958–1992

Wanachama wetu wengi walilizoea jina la Bwana Jeremiah Nyagah katika habari za mawaziri. Mwaka huu twapenda kulitaja kwa njia nyingine: kama jina lililopelekwa Barazani na watu wa Embu katika siku ambazo kura yenyewe ilikuwa kitu cha kuombwa.

Ikumbukwe kwamba Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, nayo iliwabana Waembu pamoja na Wakikuyu na Wameru. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa Machi 1957, kwa viti 8 tu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura hata 3, na asiye na sifa hakupewa hata moja. Makabila yetu matatu yaliongezewa mtihani ambao wengine hawakuwekewa, yaani cheti cha uaminifu kwa Serikali. Majirani wawili waliolima bega kwa bega waliweza kutenganishwa na karatasi hiyo, mmoja akaenda kupiga kura na mwenziwe akabaki nyumbani. Twaandika haya kwa sababu vijana wetu hudhani kwamba kura ilikuja siku moja, kwa wote, pamoja na bendera.

Meru, ambako Hali ya Hatari haikuchoma sana, walipata vyeti vingi. Ndipo Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa Barazani tangu 1944, aliposhindwa na Bwana Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru.

Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa 6, vikawa 14. Nyeri na Embu ziliunganishwa, na Machi 1958 mahali hapo pakachukuliwa na Bwana Nyagah. Alizaliwa Igari mnamo 1920, akasoma Alliance High School na Makerere, akawa mwalimu. Kura ilikuwa bado ya masharti. Je, mtu aliyechaguliwa na wachache aweza kusema kwa ajili ya wengi? Sisi twaona kwamba swali hilo lajibiwa na kazi ya wajumbe wale 14. Waliingia kwa mlango mwembamba, kisha wakakataa kutulia hata upanuliwe. Januari 1960 walikuwa Lancaster House, London, wakidai Waafrika wawe wengi Barazani. Katika uchaguzi wa Februari 1961 aliyejua kusoma na kuandika, au aliyepita umri wa miaka 40, aliruhusiwa kupiga kura. Mei 1963 kila mtu mzima alipiga kura, mwanamume na mwanamke, wala hakuna aliyeulizwa cheti.

Baada ya hapo njia zetu zilitengana kidogo. Jimbo la Bwana Nyagah likawa upande wa kusini, likaja kuitwa Gachoka, nasi wa Karurumo tukahesabiwa upande wa Runyenjes. Kwa hiyo hatusemi hapa kama wapiga kura wake. Hata hivyo mkulima wa Karurumo hakuwa mbali naye, maana katika miaka ya 1970 alishika Wizara ya Kilimo, baada ya ile ya Elimu aliyoishika tangu 1966 hata 1968. Embu ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Na baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda hata wakulima wetu wakajenga nyumba za mabati na kulipa karo. Bei hiyo haikuletwa na waziri yeyote, ingawa mawaziri wengi wangependa kuipokea sifa yake.

Lakini hatutamwandika nusu. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliteua wagombea kwa mlolongo: watu walisimama nyuma ya mtu wao au picha yake mchana kweupe, wakahesabiwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Mzee aliyenyimwa cheti mwaka 1957 alijikuta tena mbele ya macho ya wakubwa, akipimwa uaminifu wake kwa mahali aliposimama. Bwana Nyagah alikuwa ndani ya Serikali hiyo.

Katika uchaguzi wa Desemba 1992, wa vyama vingi na kura ya siri, hakugombea tena. Alikuwa amekaa katika Bunge miaka 34 pasipo kuondolewa na wapiga kura. Kiti cha Gachoka kilichukuliwa na mwanawe Norman, na tangu 1997 hata 2007 na mwanawe mwingine, Joseph. Mzee mwenyewe alifariki tarehe 10 Aprili 2008, akiwa na umri wa miaka 87.